Vigae, Maneno, Michezo na Mwani: Kazi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Na Karani wa Lunga Lunga

Jioni moja, baada ya sala ya Isha, mjomba wangu aliniita kibarazani pake hapa Lunga Lunga. Mkononi alishika barua iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ndugu yangu mdogo wa kike alikuwa amempelekea kwa heshima. Barua ilisema kwamba msichana huyo amepata nafasi ya kusomea akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua na kuchunguza mabaki ya watu wa kale. Kwa desturi yetu Wadigo, mjomba ana neno kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Na kwa kuwa baba yetu ni marehemu, ng'ombe watakaouzwa kwa ajili ya karo ni wa mjomba.

Akaniambia, "Wewe ni karani, na umesoma. Hebu nieleze. Nimesikia watu wasomao udaktari, na sheria, na ualimu. Huyu anataka kusomea vigae! Vigae hata kuku wangu huvichimbua kila asubuhi nyuma ya zizi, wala sikumlipia karo."

Watu waliokuwapo walicheka sana, na mimi pia nilicheka. Lakini niliporudi nyumbani niliona haya. Nilikuwa nimekaa ofisini miaka mingi nikiandika barua za kuwatambulisha watoto wa watu kwa vyuo vikubwa, na hata siku moja sikujiuliza wakubwa wa vyuo hivyo hufanya nini zaidi ya kufundisha na kutoa vyeti. Basi nilichukua likizo yangu, nikavuka mpaka pale Horohoro, nikapanda basi la Tanga na kuendelea mpaka Dar es Salaam. Yaliyo hapa chini ndiyo majibu niliyomletea mjomba. Nimeyaandika kwa kuwa naamini wako wajomba wengi, katika kila kijiji toka Vanga mpaka Msambweni na Diani, wenye swali kama lake.

CHUO JUU YA MLIMA

Wenyeji wa Dar es Salaam hukiita chuo hicho "Mlimani", maana kimejengwa juu ya kilima nje ya kitovu cha mji. Jengo lake lijulikanalo zaidi ni Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa lililopinda kama tanga lililoshika upepo. Sisi wa mpakani tulikuwa tumeuona ukumbi huo bila kujua, maana picha yake ilichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya Tanzania, ambayo ilipita mikononi mwetu sokoni siku nyingi.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Kilifunguliwa mwezi wa Oktoba, 1961, katika nyumba ya chama cha TANU mjini, kikiwa na elimu moja tu, nayo ni sheria, na wanafunzi wasiotimia kumi na watano. Wakati huo kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere ya Uganda na chuo cha Nairobi, vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjwa, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake.

Tangu hapo, Dar es Salaam nayo imezaa watoto. Kitivo cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1969 kilipata kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984, na elimu ya uganga ya Muhimbili ikapewa chuo kikuu chake mwaka 2007. Kwa hiyo msomaji asistaajabu nikitaja kazi za namna nyingi zilizo mbali mbali.

VIGAE VYA KWALE

Nianze na vigae, maana ndivyo vilivyoleta ubishi.

Wengi wetu tuliozaliwa katika Kwale hatujui kwamba jina la Kwale limo katika vitabu vya wataalamu duniani kote, si kwa sababu ya wanyama wa Shimba wala mchanga wa Diani, bali kwa sababu ya vyungu vilivyovunjika. Mwaka 1966 mchimbuzi mmoja wa mambo ya kale, Robert Soper, alichimba karibu na mji wa Kwale, akapata vigae vya vyungu vyenye ukingo uliochongwa na mifereji iliyochorwa kwa ustadi. Mkaa uliopatikana pamoja na vigae hivyo ulipimwa, ukaonyesha kwamba waliofinyanga vyungu hivyo waliishi yapata karne ya tatu ya miladi. Tangu wakati ule, kila mahali vigae vya namna hiyo vikipatikana, wataalamu huviita "vyungu vya Kwale".

Hapo ndipo Chuo cha Dar es Salaam kinapoingia. Mwalimu wake mmoja, Felix Chami, alichimba sehemu nyingi za pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1980. Mahali paitwapo Limbo, kusini ya Dar es Salaam, alikuta vigae vya namna ya Kwale pamoja na mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki baada ya kuyeyusha mawe ya chuma. Katika nchi ya Rufiji alipata shanga za kioo zilizotoka katika dola ya Kirumi, na habari zake zikachapwa mwaka 1999. Kwa vitu hivyo vidogo alionyesha kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakilima, wakifinyanga, wakifua chuma na kufanya biashara na nchi za mbali, karne nyingi kabla ya misikiti ya mawe kujengwa.

Msomaji atauliza, "Kuna faida gani katika hayo?" Faida ni kubwa. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba kila kitu chema cha pwani kililetwa na wageni kwa jahazi, na kwamba wenyeji walikuwa wakingojea tu ufukoni. Vigae vimeikanusha hadithi hiyo. Tena haikuwa kwa kuwakataa wageni waliokuja wakakaa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapa uchunguzi juu ya mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, nao ulionyesha kwamba tangu yapata mwaka 1000 wengi wao walikuwa na damu ya pande mbili: upande wa mama Waafrika, na upande wa baba wengi walikuwa wa Asia, hasa Uajemi. Basi mwenyeji alikuwako na mgeni alikuja, na kila mmoja ana sehemu yake. Ubishi huo ulikuwa ukiwatenga watu vijijini, huyu akijiita wa asili na yule akiitwa wa kuja. Sasa una vitu vya kuupima.

Lakini kuku wa mjomba hawezi kufanya kazi hiyo, na sababu yake ni hii. Kigae kikiokotwa peke yake ni kigae tu. Kikikutwa mahali pake, katika tabaka lake la udongo, karibu na mkaa wa jiko lake na mifupa ya samaki waliopikwa siku ile, ndipo kinaposema. Mchimbuzi hukwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko mdogo, na kila hatua huandika na kupiga picha. Mtu akikitoa kigae kwa jembe na kukitia mfukoni, anakuwa kama aliyechana ukurasa kutoka katika kitabu ambacho nakala yake ni moja.

MANENO YA VANGA NA SHIMONI

Kazi ya pili niliyoitazama ni ya lugha. Habari yake inaanza kwetu pwani, maana ni mjini Mombasa, mwaka 1928, ndipo wakubwa wa nchi hizi walipokutana na kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Wenye Kimvita hawakufurahi, na wengine mpaka leo hawajasahau. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha kuusimamia uamuzi huo. Kamati hiyo ilihama hama, na kwa muda ikakaa Makerere, mpaka mwaka 1964 kazi yake ilipopokelewa na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam. Chuo hicho baadaye kiliitwa TUKI, na tangu mwaka 2009 kinaitwa TATAKI.

Katika urithi wa Kamati hiyo ziko kazi mbili ambazo kila mtu wa kusini ya Kwale angependa kuziona. Bwana H. E. Lambert, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa Serikali katika Kenya, aliandika juu ya Kivumba, lugha ya watu wa Vanga na Wasini, na maandishi yake yakatolewa na Kamati mwaka 1957. Mwaka 1958 yakafuata yale ya Kichifundi, lugha ya upande wa Shimoni na Funzi. Maneno ya wavuvi na ya bibi zetu, ambayo mwalimu shuleni alitukataza akisema si Kiswahili safi, kumbe yaliandikwa na kuwekwa akiba kama hati za thamani. Mtu akitaka kujua Kiswahili kilitoka wapi, hawezi kukipata katika lugha sanifu peke yake. Hana budi kuzisikiliza lahaja hizi ndogo, maana zimehifadhi mambo ambayo Kiunguja kimeyaacha.

Kazi kubwa ya wataalamu wa Dar es Salaam imekuwa kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na imetengenezwa upya mara kadhaa baadaye. Kwetu makarani kitabu hiki ni kama mzani kwa mwenye duka. Tena hawakuishia kwenye maneno ya kila siku. Mwaka 1990 walitoa kamusi ya maneno ya biolojia, fizikia na kemia, ili mwalimu na mwanafunzi wapate njia ya kuyasema mambo hayo kwa lugha yao. Mengine ya maneno hayo yameshika, na mengine yamekataliwa na wasemaji, kwa kuwa lugha haitii amri ya ofisi. Lakini pasipo mtu wa kuyapendekeza, tungebaki tukiazima kila siku.

Nilimweleza mjomba kwamba kamusi hutengenezwa kwa kusikiliza. Mchunguzi hukaa na mvuvi akauliza jina la kila kamba na kila upepo. Hukaa na mkulima akauliza majina ya hindi toka linapochipua mpaka linapokauka. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nami ni mwalimu wa chuo hicho, ila silipwi." Sikuwa na jibu.

MICHEZO NA VITABU

Si uchunguzi tu ufanywao Mlimani. Kuna watu wa kutunga.

Mwaka 1968 walimu na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walianza kazi kubwa ya kukusanya habari za vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa na watu wa kusini ya Tanganyika dhidi ya Wadachi toka 1905 hata 1907. Wanafunzi walirudi vijijini kwao, wakawauliza wazee waliokuwa na kumbukumbu, wakaandika. Kabla ya hapo habari za vita hivyo zilijulikana zaidi kwa maandishi ya Wadachi wenyewe, yaani kwa upande wa aliyeshika bunduki.

Wakati ule ule kijana mmoja wa Kilwa, Ebrahim Hussein, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hicho, alikitwaa kisa cha Kinjeketile, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji, akakifanya mchezo wa kuigiza. Mchezo huo, Kinjeketile, ulichapwa mwaka 1969, na umesomwa mashuleni katika nchi zetu hizi. Hussein hakuandika kumsifu shujaa tu. Anaonyesha mtu aliyetoa neno la kuwaunganisha watu, kisha neno lile likamshinda nguvu, likaenda na roho za watu waliolisadiki kuliko yeye mwenyewe alivyolisadiki. Hapo ndipo utaona tofauti ya mwanahistoria na mtungaji: wa kwanza hutafuta lililotukia, na wa pili huuliza moyo wa mtu ulikuwaje wakati lilipotukia. Chuo chema hakina budi kuwa na wote wawili, nao wakutane.

Wengine walifuata. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alichapa riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971, na mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Kwa sisi watu wa pwani, tuliolelewa na mashairi ya kuimbika, jambo hili lilikuwa kama mtu kuingia msikitini na viatu. Mabishano yakawa makali magazetini na madarasani, na hayajaisha. Mimi mwenyewe napenda vina. Hata hivyo nakiri kwamba mabishano yale yaliwalazimisha wenye vina waeleze ni kwa nini wanavipenda, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa bidii kabla ya kuchokozwa.

Lakini kazi iliyonigusa zaidi ni ya Penina Muhando, ambaye pia hujulikana kwa jina la Penina Mlama. Alianza kwa kuandika michezo ya kuigiza, mmojawapo ukiwa Hatia, wa mwaka 1972. Baadaye, mwaka 1982 na 1983, yeye na wenzake wa chuo walikwenda Malya, kijiji cha upande wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni taabu gani inayowaumiza, na mojawapo ikawa mimba za wasichana wa shule. Kisha vijana wa pale wakaigiza taabu hiyo mbele ya wazazi wao, kwa ngoma na nyimbo za kwao, na mchezo ulipokwisha, watu wote walijadiliana. Yale ambayo baba hawezi kumwambia binti yake, wala binti baba yake, yalisemwa uwanjani na kila mmoja akayasikia.

MWANI WA KIBUYUNI

Sasa nije kwenye jambo ambalo mjomba alilikubali upesi, maana lina fedha ndani yake.

Kila apitaye Kibuyuni, karibu na Shimoni, wakati wa bamvua maji yakipwa, huwaona akina mama wakiinama katika maji ya magotini, wakifunga vijiti vya mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vigingi. Mwani huo hukaushwa, ukauzwa, ukapelekwa ng'ambo, na huko hutolewa ute unaotiwa katika dawa ya meno, vyakula na vitu vinginevyo. Akina mama wa Kibuyuni walianza kilimo hiki kwa msaada wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, na katika miaka ya 2010 kikawa kazi ya kuingiza fedha. Lakini asili ya kilimo hiki katika pwani yetu ni uchunguzi wa watu wa Dar es Salaam.

Tangu miaka ya 1970, mtaalamu wa mimea wa chuo hicho, Keto Mshigeni, alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani na kuhimiza kwamba ulimwe badala ya kuokotwa tu. Wengi walimwona kama mjomba alivyomwona ndugu yangu: msomi mzima anayehangaika na majani ya baharini! Mwaka 1978 chuo kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja. Mwaka 1989 kilimo cha kuuza kilianza upande wa mashariki wa Unguja, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Katika miaka iliyofuata maelfu ya watu walikiingia, walio wengi wakiwa wanawake, ambao kabla ya hapo hawakuwa na fedha yao wenyewe mkononi.

Hata hivyo haikuwa neema tupu. Mwani huo ni wa namna mbili, na ule wenye bei nzuri zaidi ni dhaifu. Maji ya bahari yalipozidi joto, ulianza kufa sehemu nyingi za Unguja, na wanawake wakabaki na ule wa bei ya chini. Hapo mchunguzi mwingine wa taasisi hiyo, Flower Msuya, alifanya kazi ya namna mbili. Kwanza alijaribu kuupanda mwani mzuri katika maji ya kina kirefu, ambako joto ni pungufu, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama bomba ili mawimbi yasiupokonye. Pili, aliwafundisha wanawake kuusaga na kuutengeneza sabuni na vitu vingine, ili wasiuze kila kitu kikiwa kikavu kwa bei ya mnunuzi. Jambo la sabuni limefika mpaka Kibuyuni. Jambo la kina kirefu bado lina ugumu wake, maana lahitaji mashua na watu wajuao kuogelea, na akina mama wengi hawakufundishwa kuogelea.

Naomba msomaji aone mpango wa mambo haya. Toka mtu wa kwanza kuchunguza majani ya baharini mpaka mama kupata fedha ya karo, ilipita miaka kama kumi na mitano au zaidi. Asingekuwako aliyelipwa mshahara kwa kutazama majani yasiyo na bei, bei isingekuja.

Mkulima apendaye kucheka nampa mfano mwingine, wa Morogoro. Panya buku, ambaye sisi humtegea mitego kwa sababu ya mahindi na mihogo yetu, tangu mwaka 2000 amekuwa akifundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa kushirikiana na shirika la Kibelgiji liitwalo APOPO, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, jina lake Magawa, alifanya kazi Kamboja, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu huko Uingereza. Mjomba alinilazimisha nirudie habari hii mara mbili, akidhani namdanganya.

LAWAMA YA HAKI

Nisije nikaonekana nimepewa rushwa na wasomi, sharti niseme na upande wa pili.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja, ambaye chuo chake sitakitaja, alikuja kwetu kuuliza habari za mikorosho na ukungu unaokausha maua yake. Mjomba aliacha kazi akamtembeza shambani siku nzima. Mama alimpikia wali wa nazi na samaki. Kijana aliandika daftari zima, akapiga picha za miti, akashukuru sana, na akaahidi kurudi kutueleza alichokigundua. Mpaka leo hatujamwona. Mikorosho ile ingali palepale, na ukungu ungalipo.

Nilipomaliza kusimulia niliyoyaona Mlimani, mjomba hakubisha juu ya vigae tena. Aliuliza swali moja tu: "Na huyu naye, akishajua, atarudi kutuambia?"

Swali hilo ni la haki, na vyuo vyetu vyote havina budi kulijibu. Mengi ya matokeo ya uchunguzi huchapwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mkulima wa Lunga Lunga hawezi kuyasoma, wala karani wake hawezi kuyanunua. Habari za vigae vya Kwale zilichapwa mwaka 1967, lakini mimi niliyezaliwa na kusomeshwa katika Kwale nilizisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, tena katika nchi ya jirani. Hiyo ni aibu, nayo si ya chuo peke yake. Sisi makarani na walimu tulioko baina ya chuo na shamba ndio tunaopaswa kuyapokea mambo hayo na kuyasema katika lugha ya watu.

Kwa hiyo natoa shauri. Mchunguzi akija kijijini, apokewe kwa heshima, maana yale ya Malya na ya mwani yasingefanyika pasipo watu kufungua milango yao. Lakini aulizwe mambo matatu kabla ya kufungua daftari: ametoka chuo gani na ana kibali gani, anatafuta nini, na siku gani atarudi katika baraza la chifu kutueleza, kwa Kiswahili, alichokipata. Majibu yaandikwe, na nakala ikae ofisini. Mchunguzi wa kweli hatakasirika.

Mto wetu wa Umba huanza katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka, ukapita katika mashamba yetu na kumalizikia baharini Vanga. Maji yake hayaulizwi pasi. Nadhani elimu nayo yafaa ipite hivyo, na watoto wetu wasiogope kuifuata upande wa pili wa mpaka, iwapo huko ndiko iliko.

Mjomba ameuza ng'ombe wawili, na ndugu yangu amekwisha kwenda Mlimani. Sharti aliyopewa ni kwamba kila likizo atakaa kibarazani kwa mjomba jioni moja na kueleza alichojifunza, mbele ya wote watakaopenda kuja. Juma lililopita nilipita pale nikaona mawe manne yamepangwa nyuma ya zizi, na kuku wamefungiwa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kigae chenye mifereji kimeonekana chini ya mwembe, na kwamba mjomba amewakataza watoto wasikiguse mpaka msichana arudi. Huenda ni cha kale, na huenda ni chungu cha bibi kilichovunjika juzi. Kimeachwa palepale kilipolala.